Radhi Niliyoombewa

Tarehe 3 Februari

Mdogo wangu,

Marahaba. Najua ungekuwa mbele yangu ungeanza na shikamoo, basi naipokea kabla hujaitoa. Mimi mzima, ukiacha jino la nyuma linalonichokoza nikinywa kitu cha baridi. Mama nimeongea naye kwa simu ya jirani yake. Presha imeshuka, dawa anakunywa, ila analalamika zinamlaza mchana na umbea wa mtaa unampita. Mtu anayelilia umbea huyo haumwi.

Mapazia ya mama mkwe wako yako tayari. Aliyeyashona ni fundi wa hapa chini, mimi nimelipa tu. Nimeyatuma kwa basi la mizigo. Mwambie nimeweka pindo pana ili yakirudi baada ya kufuliwa aweze kuyashusha. Hayo ni maneno ya fundi, nimeyakariri kama sala. Siku ulipowaambia wakwe zako kwamba dada yako ni mshonaji ungeniuliza kwanza, ningejichagulia kazi ambayo mtu haagizi kitu. Ningesema mimi mlinzi wa ghala.

Sasa utajiuliza kwa nini nashika kalamu wakati dunia nzima inabofya simu. Laini yangu nimeivunja kwa meno. Sababu ndiyo inayonifanya nikuandikie.

Kuna tovuti moja, sisi hapa nyumbani tumeibatiza Mnadani. Wanaume wakitoka vyumbani kwetu wanakwenda kuandika humo jinsi tulivyowahudumia. Mtaa, rangi ya mlango, umbo la mtu, tabia yake, halafu wanamgawia nyota. Mama Pacha wa chumba cha jirani ndiye aliyenionyesha. Sikiliza walivyoniandika mimi:

“Nyota mbili. Chumba kisafi, shuka zinanukia sabuni. Ila dada mwenyewe uso mkavu. Anatazama saa. Bila kondomu hataki hata mazungumzo. Ana masharti kuliko benki. Anajiona nani?”

Mwanzoni nilicheka. Masharti kuliko benki! Nikasema hiyo ningeibandika mlangoni. Lakini niliporudia kusoma damu ikachemka. Huyo bwana hakuandika kwamba amekosa alicholipia. Alicholipia alikipata. Kilichomuuma ni kwamba alidai zaidi nami nikamwambia hapana, na hapana yangu ameiandika kama tabia mbaya, kama doa kwenye shuka.

Najua utasema anayeuza sharti akubali kusemwa. Haya, anayeuza samaki asemwe samaki wake wameoza, sina ugomvi. Lakini samaki hana la kukataa, keshakufa. Mimi ni mzima!

Halafu chini yake mwingine kaongeza namba yangu ya simu: “Mpigieni mumfundishe adabu.” Wakapiga kweli. Wengine walinitukana, wengine waliuliza bei kwa sauti ya kucheka, mmoja alipiga nikiwa kwenye foleni ya daktari wa meno. Ndipo laini nikaikata vipande.

Niandikie kwa sanduku la posta la fundi. Nami nitakuandikia hapo hotelini kwako, maana simu yako najua inashikwa na kila mtu.

Dada yako

&nbsp;

Tarehe 21 Februari

Dada, shikamoo.

Barua yako imenikuta kazini nikaisomea stoo ya mashuka. Pole na jino. Usiling'oe kabla hujamwona daktari wa pili. Sisi hatujambo. Shemeji yako wanamfikiria kumpa usimamizi wa mafundi umeme wote, kwa hiyo siku hizi anapiga pasi mashati yake mwenyewe na anaongea polepole. Mapazia yamefika. Mama mkwe amewaita majirani kuyaona, amewaonyesha na pindo. Sasa anataka vitambaa vya meza. Nisamehe.

Dada, nimeumia sana na uliyoniambia. Ila naomba nikuambie ninavyoona mimi, usinikasirikie.

Sisi hapa mapokezi kila asubuhi meneja anatukalisha tusome maoni ya wageni. Sheria yake ni kwamba hakuna lalamiko linalolala bila kujibiwa. Mgeni akisema mto mgumu, tunamjibu. Akisema bomba linapiga kelele, tunamjibu. Mmoja aliwahi kuandika kwamba mimi natabasamu kama mtu anayedaiwa. Nililia chooni, halafu nikanawa uso, nikamjibu kwa heshima, na bwana yule alirudi tena kulala kwetu. Siku hizi kila kazi inapewa nyota, dada. Daktari, dereva, hata padri nasikia. Mteja akiona umemjali hasira zinaisha.

Labda ungepunguza ukali kidogo tu. Ile saa, kwa mfano, ungeitundika nyuma yao wasione unavyoitazama.

Nimeingia huko Mnadani nikaangalia. Nilisoma kwa shida. Nadhani kuna namna ya kuwapoza wale watu. Hili niachie mimi, ndiyo kazi ninayoijua.

Mdogo wako

&nbsp;

Tarehe 9 Machi

Mdogo wangu,

Marahaba. Jino limeng'olewa, daktari wa kwanza na wa pili ni yule yule mmoja. Mpe hongera shemeji. Vitambaa vya meza vitashonwa, lakini mama mkwe akianza kuuliza habari za gauni nitamwambia mashine imeungua.

Nikuachie nini? Nimesoma sentensi yako ya mwisho nikaikunjua huku na huku sikuona kilichomo. Usinisaidie. Nikitaka msaada nitautaja kwa jina lake.

Kuhusu saa. Mimi nauza muda. Anayeuza muda atazame nini, dari? Fundi wa chini ana futi shingoni siku nzima, hakuna aliyemwandika kwamba ana kiburi cha futi.

Na kuhusu hoteli yako, sikiliza vizuri. Kitanda chenu mgeni akikipa nyota mbili, kitanda hakijambo. Hakikuwahi kumwambia mtu hapana. Mimi humo chumbani ni vitu viwili, ninayeuza na ninayeweza kukataa, na wale wanataka kununua vyote viwili kwa bei ya kimoja. Mto ukiwa mgumu ni kasoro. Mimi nikiwa mgumu ni haki yangu. Mbona hilo linakushinda, wewe uliyekuwa unang'ata watu shuleni wakikushika nywele?

Unadhani ninacholilia ni kupewa nyota mbili. Ngoja nikuambie habari za nyota tano. Mama Pacha alipewa tano. Aliyempa aliandika: “Mpole, hana maneno, hakatai kitu. Nawashauri muende.” Siku hiyo Mama Pacha alikuwa na homa. Mimi mwenyewe ndiye niliyemkanda kichwa kwa kitambaa cha maji asubuhi yake. Akatoka kitandani kwa sababu watoto walikuwa wanadaiwa sare. Hakukataa kwa kuwa hakuwa na nguvu ya kufungua mdomo! Bwana akaona upole. Basi wakaanza kumiminika, kila mmoja anataka ule ule upole aliousoma, na asiyeupata anaandika kwamba siku hizi amebadilika. Mama Pacha amehama bila kuaga. Kaniachia pasi yake.

Kwa hiyo nyota mbili zangu nazishukuru. Zinasema kwamba mwanamke huyu bado ana mdomo.

Utauliza, na sisi je, hatuwasemi wateja? Tunawasema. Mwanzo wa korido yetu anakaa mama mtu mzima tunayemwita Bibi wa Ndoo, anatuuzia maji ya moto. Akipita mwanamume aliyewahi kumpiga mmoja wetu, Bibi anaangusha mfuniko wa bati sakafuni, kwaa! Milango yote inafungwa. Hayo ndiyo maoni yetu. Hatuandiki kitambi cha mtu, hatuandiki pumzi yake wala soksi zake, ingawa Mungu anajua tungejaza maktaba. Tunachotaka kujua ni kama tutatoka salama. Wao usalama wetu hawajauandikia hata nyota moja.

Nakuomba tena, usinisaidie.

Dada yako

&nbsp;

Tarehe 28 Machi

Dada, shikamoo.

Hatujambo. Hapa mvua na mafua, mama mkwe amekunywa tangawizi hadi nyumba nzima inanuka duka la viungo. Mama nimempigia, anasema mwambieni dada yenu aje anisalimie, uso wake nimeanza kuusahau.

Nimeyasoma yote uliyoandika na nimeona una hoja. Lakini usiwe na wasiwasi juu ya lile jambo. Nilichofanya ni kidogo tu, na nilikifanya kabla hujaniandikia. Naona kimesaidia. Wanaandika vizuri siku hizi. Mmoja amekuita muungwana.

Nimekutumia kitambaa cha kushonea vile vya meza.

Mdogo wako

&nbsp;

Tarehe 19 Aprili

Dada, shikamoo.

Mbona kimya? Kitambaa kimefika? Nimepiga simu kwa yule fundi, ananiambia upo, basi, upo, halafu anakata. Kama umenikasirikia niambie unavyojua wewe, hata kwa matusi.

Mdogo wako

&nbsp;

Tarehe 6 Mei

Mdogo wangu,

Mwandiko huu usikushangaze. Ni wa mkono wa kushoto, na barua hii nimeianza wiki iliyopita. Mama mzima. Hajui, na asijue.

Alikuja mwanamume mchana, kanyoa vizuri, ananukia. Bibi wa Ndoo hakuwa anamjua kwa ubaya, mfuniko ukabaki mkononi. Akalipa. Tukiwa ndani akadai ninachokikataa siku zote, nikamkatalia. Hakukasirika. Alicheka, akatoa simu, akanisomea kwa sauti kama mtu anayesoma tangazo:

“Mpendwa mteja, asante kwa maoni yako. Tunaomba radhi kwa usumbufu wowote uliojitokeza. Suala la masharti na mtazamo wa mhudumu tumelifanyia kazi. Karibu tena ufurahie huduma iliyoboreshwa.”

Na chini yake picha yangu ile ya arusi yako, umejikata wewe pembeni umeniacha mimi.

“Umeahidi mwenyewe,” akaniambia. “Mimi nimefuata ahadi.” Nikamwambia si mimi niliyeandika. Akasema nyote mnasema hivyo.

Yaliyofuata siyaandiki. Mkono wa kulia umevunjika, bega limetoka likarudishwa. Mengine ni yangu.

Ila hili nitakuandikia, maana linanikereketa kuliko plasta. Nikiwa nimebanwa ukutani, kabla hajamaliza kusoma, nilikuwa nimeshajua ni nani aliyeandika. Nani mwingine duniani anasema “uliojitokeza”? Nikawaza, huyu ni kitindamimba wetu. Hapo hapo ukutani nikakuwaza wewe, na nilitamani nikuwaze kwa sababu nyingine.

Mhudumu! Tunaomba! Tunaomba sisi kina nani? Umeniombea radhi kwa lipi, kwa kuwa na mdomo? Miaka yote hii nimejenga hapana moja tu, ndiyo ukuta pekee nilio nao, na wewe umeubomoa kwa heshima zote, umemalizia na karibu tena.

Sisemi kikulacho ki nguoni mwako. Najua ulikusudia mema. Lakini mema yako yanatembea na plasta hadi begani.

Wenzangu walinipeleka polisi. Mtu mwenyewe anajulikana, ana duka la vioo mtaa wa pili, na hadi leo anakata vioo. Askari wa kaunta alilisoma lile jibu kwenye simu ya mwenzangu, akanitazama, akasema, “Lakini hapa umeomba radhi na umemkaribisha. Sasa unashtaki nini?” Nikamwambia aliyeandika ni ndugu yangu, mimi sikujua. Akacheka na mwenzake. “Basi mlete huyo ndugu.”

Sitaki pesa yako wala pole yako. Nataka uje, usimame pale kaunta, useme: niliandika mimi, yeye hakujua, yeye alikataa. Basi. Hakuna mwingine anayeweza kuyasema hayo.

Dada yako

&nbsp;

Tarehe 24 Mei

Dada yangu, shikamoo.

Nimekaa na barua yako sijui nianze wapi. Nimelia hadi meneja kanirudisha nyumbani. Nilidhani ni kama kazini, nilidhani nikiwajibu vizuri watakuacha. Naapa sikujua watalisoma hivyo. Lile jibu nimelifuta siku ile ile.

Kuja nataka. Lakini dada, jiweke mahali pangu kidogo. Hotelini mwezi huu kuna ukaguzi na likizo zimefungwa. Shemeji yako jina lake liko mezani kwa wakubwa, na huko kwao wanauliza hadi habari za ukoo. Mama mkwe unamjua. Nikisema naenda kwa dada atataka kunisindikiza aone cherehani. Nikienda polisi nikaandikwa, habari itafika hapa kabla yangu.

Nimefikiria njia nyingine. Ndani ya bahasha hii nimeweka maelezo niliyoyachapa, yanasema kila kitu kama ulivyotaka. Mpe askari. Nadhani yatatosha.

Nimeweka na kidogo cha dawa.

Mdogo wako

&nbsp;

Tarehe 5 Juni

Wewe,

Shikamoo yako nimeiona, nimeiacha ilipo.

Nimefika polisi na karatasi yako. Bibi wa Ndoo kanisindikiza, kaacha maji yake jikoni. Askari kaisoma kwa sauti, maana kule siri ni ya mwenye cheo: “Mimi, ndugu wa mlalamikaji, nathibitisha.” Akaigeuza nyuma. Akaiinua kwenye mwanga wa taa. “Ndugu huyu hana jina?” Hana. “Hana sahihi?” Hana. “Kichwa cha karatasi nacho kimekatwa na mkasi.” Nikaona ni kweli, umekata jina la hoteli, umenyoosha vizuri kabisa. Mkono wako mzima, hongera.

Akanirudishia. Akasema hata yeye anaweza kuchapa hiyo.

Mlalamikaji! Mtaani wananiita malaya, nimezoea, neno hilo limeshachakaa. Wewe tumbo moja nami umeniita mlalamikaji. Na kulifuta lile jibu unataka nikushukuru? Umefagia vioo mtu keshakanyaga. Mwenye duka kalihifadhi kwenye simu yake na anawaonyesha wenzake.

Huko Mnadani wanaume wananiandika bila majina yao. Hakuna hata mmoja mwenye jina. Wana wake, wana vyeo, wana mama wakwe. Wanataka kunisema na hawataki kuonekana wamekuwa na mimi. Sasa nawe umeniandika bila jina, kwa sababu zile zile. Nionyeshe tofauti yako na wao, maana nimeitafuta usiku na mchana nimeikosa.

Ulipoandika ile radhi uliweza kutumia picha yangu na mlango wangu. Mdomo wangu uliuazima bila kuuliza. Ukitakiwa kuutumia wa kwako unanitumia dawa za maumivu.

Askari amesema mwisho wa mwezi faili linafungwa. Mimi sitakuandikia tena kukuomba.

&nbsp;

Tarehe 17 Juni

Dada, shikamoo. Usiijibu kama hutaki.

Nimewaambia.

Ilikuwa jana mchana. Mama mkwe alikuwa na mgeni, jirani, anamwonyesha mapazia kama kawaida yake, anashika pindo anasema dada wa mkwe wangu ana mkono wa dhahabu. Nikasikia “mkono” nikashindwa. Nikaweka sinia chini nikasema, “Dada yangu si mshonaji. Dada yangu anajiuza. Amepigwa, amevunjwa mkono, na amepigwa kwa sababu ya kitu nilichoandika mimi.”

Jirani akakumbuka ana nguo juani. Shemeji yako alikuwa mlangoni, amesikia yote. Akaniuliza kwa nini sikumwambia siku zote hizi. Nikamwambia, kwa sababu ya hiyo sauti unayoniulizia. Amehamia sebuleni na shuka lake, na tangu jana tunapishana kama wageni wawili wa hoteli.

Mama mkwe aliliinua tena pindo la pazia, akaligeuza. Nilijua atanifukuza. Halafu akasema, “Basi mapazia yangu kashona nani?”

Dada, Mungu anisamehe, nilicheka. Nilicheka huku machozi yanashuka, nikamwambia fundi, mama, fundi wa chini, mwanamume. Akasema, “Ndiyo maana pindo limekaa sawa.” Baadaye akanifuata jikoni. Hakunipa pole, usidhani. Aliniambia nimemwaibisha mbele ya mtu mwenye mdomo mrefu kuliko barabara, na kwamba tangu leo mtaa huu hautalala. Kisha akaniuliza huyo mwenye vioo ameshakamatwa? Nikasema bado. Akasema, “Sasa wewe unafanya nini hapa?”

Meneja kanikatalia ruhusa. Nimemwambia naenda. Akasema nikirudi tutaongea. Nikataka kumjibu tunavyojibu siku zote, tunaomba radhi, nikaona neno limekataa kutoka.

Nilichokuwa naogopa ni hiki, nikuambie ukweli. Sikuogopa ukaguzi wala cheo. Niliogopa kusimama karibu nawe mtu akaona tunafanana.

Nakuja Jumanne. Nitavaa sare ya kazi, ile yenye kibao cha jina langu kifuani, ili askari asipate shida ya kulitafuta.

Mdogo wako

&nbsp;

Tarehe 21 Julai

Mdogo wangu,

Marahaba, na ile ya Mei niliyoiacha pia, marahaba.

Huu ni mkono wa kulia. Unachoka haraka lakini umerudi kwangu. Mama nimekwenda kumsalimia. Nimemwambia nilianguka bafuni, akasema bafu gani hilo lina vidole. Alinipikia akanilisha kama mtoto, akanipa na umbea wote wa miezi yote hii kwa mkupuo.

Ulivyoondoka sikukushukuru vizuri. Nilikuwa bado na hasira, na sasa hivi ninayo kidogo, usidhani imeisha. Lakini nimekuwa nikiikumbuka ile asubuhi. Askari alikuuliza wewe nani wake, hakuinua hata kichwa. Ukasema, “Mimi mdogo wake, tumbo moja, baba mmoja,” kwa sauti mpaka waliokuja kuripoti vitambulisho vilivyopotea wakageuka. Ukasema niliandika mimi, bila ruhusa yake, yeye hakujua. Akaandika. Akataka kufunga kitabu, ukaweka kiganja juu ya kurasa. “Hujaandika neno lenyewe. Andika kwamba alikataa.” Akakuambia hilo halina haja. Ukamwambia hutatoka hapo, na ukaanza kumsomea kwa herufi kama mtoto wa darasa la kwanza. Nililiona likiandikwa, nimelisoma kichwa chini: alikataa. Kuna watu wamenipa pesa, wamenipa vitu, hakuna aliyewahi kunipa kitu kama kile.

Mwenye vioo wamemchukua, wamemwachia kwa dhamana, kesi ni Septemba. Sijipi matumaini makubwa, namjua hakimu ni mwanamume na ana simu. Lakini safari hii atalazimika kusema jina lake kwa sauti mbele za watu, na mimi nitakuwepo namtazama. Alijaribu kupita hapa kwetu wiki iliyopita. Bibi wa Ndoo aliangusha mfuniko, milango haikufungwa. Tulitoka wote koridoni tukasimama. Akarudi alikotoka.

Shemeji ameniandikia barua. Fupi, imeanza na shikamoo, halafu habari za mvua. Sijui alitaka kusema nini ila nadhani hata yeye hajui. Nimemjibu marahaba. Cheo kama kimemkosa kwa ajili yangu, mwambie sitaomba radhi. Na hao wa hotelini waliokupa onyo la maandishi, likusanye utunze, siku moja utawaonyesha wanao.

Mnadani bado wapo. Tuliwaandikia waondoe picha yangu iliyonakiliwa humo, wakajibu maneno matamu tupu, nadhani wana mtu mapokezi kama wewe. Mimi sasa sichungulii, ila binti aliyeingia chumba cha Mama Pacha aliniletea simu jana, anacheka hawezi kuongea. Kuna mpya ameniandikia, jina hana, kama kawaida yao:

“Nyota moja. Msiende kwa huyu. Ana ndugu.”

Nimeirudia kuisoma, nikaenda kumsomea Bibi wa Ndoo, naye akaniambia nirudie. Katika yote waliyowahi kuniandika, hilo peke yake sina la kubisha.

Dada yako